Kioo cha buluu kimerudi: edita tatu kwenye laptopu yangu kuukuu

Karibuni tena, ndugu zangu wa Kampala na nyote mnaonitazama kutoka mbali. Leo hakuna simu mpya. Nimewasha hii laptopu kuukuu, rolex yangu, ile chapati ya mayai, iko pembeni inapoa, na ninatafuta edita ya maandishi ya ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Iwe na sura ya enzi za DOS, ule mfumo wa zamani wa kompyuta, na kioo chake cha buluu, ila isinirudishie shida za enzi hizo.

Tuanze na Micro. Imeandikwa kwa lugha ya programu ya Go, faili moja tu, Ctrl+S inahifadhi, Ctrl+Q inatoka, kipanya kinakubali, na msimbo unapakwa rangi vizuri. Sina ugomvi nayo. Lakini hebu tazameni hapa juu: menyu iko wapi? Hata ukiipaka buluu, ni mjukuu aliyevaa kanzu ya babu.

Maana utamu wa zile programu za DOS ulikuwa kwenye menyu. Ile MS-DOS Editor iliyokuja na DOS 5 mwaka 1991, na zile za kampuni ya Borland zilizojengwa kwa Turbo Vision, zana yao ya kutengeneza menyu na madirisha, ukibonyeza Alt na herufi moja, orodha inashuka, na kando ya baadhi ya mambo pameandikwa kitufe chake cha mkato. Baada ya siku chache menyu huihitaji tena, vidole vimeshajua njia.

Tilde, edita ya pili, inayo menyu hiyo. Kwenye Linux za Ubuntu au Debian andika sudo apt install tilde, kisha Alt+F. Umeona? Haya, twende.

Iliyonishika ni Edit ya Microsoft, ile iliyotolewa mwaka 2025 ikiwa na msimbo huria. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, inakubali Windows na Linux, na walipoitangaza ilikuwa chini ya KB 250. Bando halitajua kama umepakua kitu!

Sasa mtihani wangu, na huu wakaguzi wengi hawaufanyi. Naandika eŋŋoma, ngoma kwa Kiganda. Hiyo ŋ haikuwemo kwenye jedwali la herufi la DOS liitwalo namba 437, kwa hiyo edita ya zamani isingeweza kuionyesha. Nahifadhi. Nafunga. Nafungua... ipo!

Kasoro? Toleo nililo nalo halipaki msimbo rangi, na rangi zake linaziazima kwa terminali, kwa hiyo buluu utaiweka mwenyewe huko. Wa kuandika programu abaki na Micro. Wa kuandika barua, orodha za bei, faili za mipangilio, achukue Edit.

Nimemwekea mdogo wangu. Huyu ndiye aliyewahi kuzima kompyuta kwa kitufe kwa sababu alishindwa kutoka kwenye vim, edita maarufu kwa ugumu wa kutoka. Jana ameandika bei zote za duka lake, akahifadhi, akatoka. Hakuniita.