Kuona nyangumi Húsavík: nilikwenda na shangazi, na yeye ndiye aliyewaona kwanza

Safari hii sikuitaka mimi, ni shangazi. Alikuja Copenhagen kunitembelea kutoka Pangani, akaona picha ya mkia wa nyangumi kwenye simu ya mwanangu, kazi ikaisha. Nikalipa zaidi ya krona 10,000 za Aisilandi kwa kila kichwa, nanung'unika.

Húsavík ni kamji ka wavuvi kaskazini mwa Aisilandi, kwenye ghuba ya Skjálfandi. Tulichukua safari inayoondoka saa mbili na nusu usiku, mwishoni mwa Juni, wakati jua huko karibu halizami kabisa. Shangazi alitazama angani, akaniuliza, "Sasa hawa Isha wanaswali saa ngapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Boti ni za aina mbili. Kuna za mpira, ziendazo mbio, unakaa kama umepanda bodaboda na unarushwarushwa mpaka kiuno kinauma. Sisi tulipanda chombo cha mbao kilichokuwa cha uvuvi zamani. Shangazi alikigonga ubavuni kwa vidole kama anayechagua nazi sokoni, akaridhika. Kama una mzee au mgongo mbovu, zile za mpira ziache.

Unavalishwa ovaroli nzito. Yangu zipu ilikwama kifuani, na kijana wa gatini akaniambia niishike kwa mkono tu. Saa tatu nzima! Kwa bei ile sikutegemea. Vaa sweta mbili kabisa kabla hujafika, na kofia ya kufunika masikio, maana Juni yao ni baridi kuliko Lushoto ya mwezi wa saba.

Nusu saa ya kwanza hakuna kitu. Maji ya kijivu, milima yenye theluji ng'ambo, na mtu mmoja kwenye tezi, kule nyuma ya chombo, aliyekwisha kulewa bahari, anatapika. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Mwongozaji huelekeza kwa uso wa saa: omo, yaani mbele ya chombo, ndipo penye 12, tezi penye 6. Ghafla akapaza sauti kwa Kiingereza kwamba nyangumi yuko penye 3. Nikamtafsiria shangazi haraka, "Saa tisa, shangazi, saa tisa!" halafu mimi mwenyewe nikageukia kushoto, penye 9. Yeye akageuka kulia. Saa ya ukutani kwake, ikiwa saa tisa mshale uko kwenye 3, basi. Nilipozinduka nilikuta mkia unamalizikia majini, na shangazi anasema "Allahu akbar" taratibu.

Baadaye nahodha alizima injini, na hapo ndipo nilipoacha kunung'unika. Nyangumi nundu alikuja mwenyewe. Unamsikia kabla ya kumwona: pumzi moja nzito, kama lori linaloachia breki za upepo, kisha mvuke, kisha harufu ya samaki aliyelala siku mbili. Hiyo harufu hakuna picha inayokuambia. Akapumua mara nne, akapinda mgongo, akanyanyua mkia. Madoa meupe na meusi ya chini ya mkia hayafanani kwa nyangumi wawili, ndivyo wanavyowatambua wakirudi mwaka hadi mwaka.

Niliwahi kwenda Kizimkazi, Zanzibar, pomboo wakazungukwa na boti na watu wakawarukia majini. Húsavík hatukumfukuza mnyama hata mara moja. Nyangumi nundu wapo kwetu pia, wanapita pwani ya Kenya na Tanzania kuanzia Julai, ila wale wanatoka upande wa Antaktika. Hawa wa Aisilandi hushuka kuzaa kwenye maji ya joto kama ya Karibi.

Pomboo ndio walionikera. Kwenye bango wanaruka karibu na boti. Sisi tuliona mapezi matatu kwa mbali, dakika moja, wakatoweka. Usiende kwa ajili yao. Na uliza mapema: usipoona nyangumi, kampuni yetu ilitoa tiketi ya kurudi tena, pesa hairudi. Kama unaondoka mjini kesho yake, tiketi hiyo haikusaidii.

Wakati wa kurudi hugawa chokoleti ya moto na andazi la mdalasini. Shangazi alilitafuna polepole, akanirudishia nusu. "Mdalasini upo," akasema, "iliki wamesahau."