Makochi ya mninga ya zamani: uzoefu wangu na fundi wa Mabatini

Kama sebuleni kwako kuna makochi ya mbao ya zamani na mtu anakushawishi uyauze uchukue seti mpya ya dukani, naomba usome hapa kwanza. Mimi ya kwangu nimeyatengeneza upya, tumeyakalia tangu masika yaliyopita hadi sasa, watoto wameyarukia, wageni wa msiba wameyalalia, na bado yamesimama imara.

Seti ni ya watu saba: la watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Ni mninga mtupu. Wazazi wangu waliyachongesha walipohamia Mwanza, yale ya mikono mipana ambayo mgeni anaweza kuweka kikombe chake cha chai bila wasiwasi. Mito ilikuwa imelala kabisa, mipira ya chini imekatika, miguu inacheza na vanishi imebabuka. Niliulizia seti mpya mjini nikatajiwa laki tisa na kuendelea. Nilipoinua kochi moja kuchungulia kwa chini, nilikuta paini na hadibodi imefunikwa kitambaa kizuri. Nikarudi nyumbani na msimamo mmoja: mninga wa wazazi hautoki.

Fundi niliyeelekezwa ana karakana Mabatini, hapa hapa Mwanza, mtu mzima, si wa maneno mengi. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuuliza rangi ya kitambaa. Alipindua kochi miguu juu, akagonga kila ungio kwa mpini wa nyundo, akasikiliza. Kisha akaniita. "Mama, njoo uone hapa." Kwenye kipande kimoja cha nyuma palikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano, na alipopagonga ukadondoka unga laini. Akanionyesha kwamba vitundu vyote viko kwenye ule ukanda mweupe wa pembeni, havijaingia kwenye kiini chekundu. Mninga uko hivyo: kiini chake wadudu hawakiwezi kirahisi, lakini ile sehemu nyeupe ya nje wanaila. Seremala wa zamani aliacha weupe kidogo ili apate upana. Fundi alikitoa kipande chote, akaweka kingine cha mninga alichokuwa nacho kutoka kwenye kitanda kibovu, na huwezi kujua kimebadilishwa mpaka uambiwe.

Miguu iliyocheza hakuipigia misumari. Aliichomoa, akakwangua gundi yote ya zamani kwa patasi, maana gundi nyeupe ya mbao inataka mbao safi ndipo ishike. Alipoirudishia, alizungusha mpira wa tairi la baiskeli kwenye fremu, akaukaza kwa kijiti mpaka gundi ikachungulia kwenye maungio, akauacha mpaka kesho yake. Jiriwa hana, lakini maungio yale leo hayalii hata ukae kwa kishindo.

Sasa sponji. Hapa ndipo watu wengi wanaibiwa, na mimi miaka ya nyuma niliwahi kupeleka mito kwenye karakana nyingine wakajaza vipande vya magodoro vilivyogundishwa, juu wakaweka tabaka jipya. Miezi michache tu ukikaa unahisi ubao. Safari hii fundi mwenyewe alinipa vipimo akaniambia nikanunue, yeye hagusi hela ya vifaa. Naomba mafundi wote wangefanya hivyo. Sponji usiipime kwa kuibonyeza tu, kwa sababu hata nyepesi ikiwa mpya inarudi vizuri. Ipime kwa uzito. Mto wangu wa kukalia ni sentimita 55 kwa 55, unene 10. Ukiwa wa sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, lazima ukaribie gramu 900. Ule wa kilo 16 hata nusu kilo haufiki. Nilichukua kipande kimoja nikakiweka kwenye mizani ya duka la jirani, muuza sponji akiwa pale pale, na mjadala ukaisha. Sponji nzito niliweka kwenye mito ya kukalia peke yake. Ya kuegemea haibebi mwili wote, kwa hiyo humo tulirudisha zile nzima za zamani baada ya kuzianika, na mabaki yaliyochanika nikayakatakata nikajazia mito miwili ya sakafuni ya watoto.

Kitambaa nilinunua mita 10, upana mita 1.4, rangi ya ugoro isiyoonyesha vumbi. Kwa mito yote 14 pande zote zingehitajika kama mita 12. Nilichopunguza ni hiki: migongo ya mito ya kuegemea, ambayo haionekani, tulishonea pazia zito la mtumba nililolipata soko la Mlango Mmoja kwa bei ya kutupa. Nilitaka kufanya hivyo hivyo kwenye mito ya kukalia, fundi akakataa. "Hiyo utaigeuzaje, mama?" Ana haki. Mto wa kukalia unatakiwa ugeuzwe mara kwa mara ili usilale upande mmoja, na ukiwa na pazia chini umeufunga. Kila mto ukawekewa zipu kwa nyuma, na kwa vumbi la mtaani kwetu Nyegezi, zipu ni ya lazima. Foronya zote nimeshazivua na kufua, hazikusinyaa.

Kazi ya vanishi niliifanya mwenyewe kupunguza gharama, na nashauri mwenye muda afanye. Msasa namba 80 kuondoa vanishi ya zamani, 120 kulainisha, 220 kumalizia, wakati wote ukifuata nyuzi za mbao, usikatize. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la mninga linawasha pua na kifua vibaya. Ila kwa sisi tulio jirani na ziwa kuna mambo mawili ambayo maelezo ya kwenye kopo hayakuambii. La kwanza ni unyevu. Vanishi ya kuchanganya na tina ukiipaka mvua inaponyesha au hewa ikiwa nzito, inafanya ukungu mweupe, kwa sababu tina inaporuka inapoza mbao na unyevu wa hewani unanaswa humo ndani. La pili ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo. Jioni wanafuata taa, na wakikuta vanishi mbichi wananasa kwa mamia. Paka asubuhi jua likishatoka, tabaka jembamba, jioni iwe imekauka na taa ya baraza umeizima.

Stuli zangu mbili zilizokuwa zimetoboka vikalio nimezisuka upya kwa kamba nyembamba za plastiki za wavuvi, kutoka duka la zana za uvuvi Kirumba. Zina nguvu na bei yake ni ndogo.

Hesabu yangu: sponji nzito ya mito saba elfu 126, kitambaa elfu 120, mipira mipya elfu 20, gundi, msasa, vanishi na tina elfu 35, ufundi laki moja. Jumla elfu 401 kwa seti nzima, pazia na zipu ukiongeza haizidi sana hapo. Ni chini ya nusu ya zile za hadibodi.

Lililonikera ni kusubiri. Fundi anachukua kazi nyingi kuliko mikono aliyonayo, na "kesho mama" zilikuwa nyingi mno. Sebule ilikaa tupu tukawa tunakaa kwenye mkeka. Nilipomaliza msasa na vanishi ya fremu, mito bado haijaguswa. Dawa niliyoipata ni kulipa ufundi nusu mwanzoni na nusu mito ikiwa imepangwa kwenye kochi, na kupeleka kochi moja moja badala ya seti yote. Pia kagua mishono ya kona kabla hajaondoka. Kwangu kona moja ilikuwa imeshikwa juu juu, nikamwonyesha, akaifumua na kuishona upya pale pale bila kununa.

Bado kabati la vyombo la mama, nalo mninga, milango imelegea bawaba. Tumekubaliana alichukue Juni mvua zikishakatika, na mbao ya kubadilisha rafu ya chini nimeshainunua, iko uvunguni inasubiri.