Miezi Tisa ya Unga wa Madini kwa Farasi Asiyevaa Viatu: Uzoefu Wangu

Farasi wangu jike, mwenye kilo 430, aliwahi kukimbia kwenye mashindano ya Ngong, na nilipomchukua kwato zake zilikuwa zimejaa matundu ya misumari, huku kingo zikimeguka kila alipokanyaga changarawe. Fundi wa kwato alimvua viatu vya chuma, akanishauri nisikimbilie kuvirudisha kabla ya kuchunguza anachokula. Ndipo nilipoagiza kutoka Uingereza ndoo ya kilo 3 ya unga wa madini, ambayo humtosha kwa siku 60.

Kilichonishawishi ni maelezo yaliyoandikwa ubavuni mwa ndoo: kipimo cha gramu 50 kwa siku kina miligramu 20 za biotini (vitamini ya kuimarisha kwato) pamoja na shaba na zinki, wala hakikuongezwa chuma. Kwetu Limuru, kwenye udongo mwekundu, jambo hilo si dogo, kwa kuwa nyasi na vumbi linaloshikamana nazo humpa farasi chuma kingi kuliko anachohitaji, ilhali shaba na zinki, zinazohitajika ili ukwato uwe mgumu, huwa haba katika malisho mengi. Unga niliotumia awali ulijisifia chuma kana kwamba ni fadhila.

Miezi miwili ya kwanza sikuona tofauti yoyote. Nilijua kwamba ukwato hukua kwa milimita 6 hadi 10 tu kwa mwezi, lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa langu: niliendelea kumpa pumba za ngano zilizochanganywa na molasi asubuhi na jioni. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na nyasi za Kikuyu anazochunga zina oksalati, kemikali ambayo hufunga hata hiyo kalisi iliyopo isifyonzwe mwilini. Wanga na sukari navyo ndivyo vinavyoweza kumletea farasi uvimbe wa ndani ya kwato, maradhi yanayoogopwa na kila mfugaji.

Mwezi wa tatu tangu nianze kumpa unga, niliondoa pumba na molasi, nikaanza kumpa kilo 8 za nyasi kavu za Boma Rhodes kwa siku, kijiko cha chumvi, na alfalfa kidogo iliyolowekwa ili kuubeba ule unga. Mzee anayemtunza hakufurahi. Aliniuliza, “Mama, farasi bila pumba atapata wapi nguvu?” Lilikuwa swali la haki, kwani hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo. Hata hivyo, nyasi huchachushwa na bakteria katika utumbo mpana na kutoa nguvu polepole, na farasi aliyekuwa akirukaruka nusu saa ya kwanza kisha akalegea, sasa hupanda njia za mashamba ya chai kwa saa mbili bila kusukumwa.

Leo, baada ya miezi tisa, ukwato wenyewe unasomeka kama kalenda. Sehemu iliyoota katika miezi miwili ya unga pamoja na pumba imeshuka, nayo ina mawimbi yaleyale ya zamani; juu yake, kuanzia nilipobadilisha chakula, ukuta hauna mawimbi na umeshikamana. Kwa hiyo siwezi kuusifu unga peke yake, ingawa siamini kwamba nyasi pekee zingetosha.

Nina malalamiko mawili. Harufu yake ni kali, na farasi aliususia kabisa hadi nilipouchanganya na alfalfa. Kifuniko nacho hakizibi vizuri, hivyo ukungu wa Julai uligeuza nusu ya ndoo moja kuwa mabonge, hasara inayouma ukikumbuka kwamba ushuru na usafiri vilinigharimu karibu sawa na bei ya unga wenyewe.

Nimeshaagiza ndoo ya sita, ila safari hii nilihakikisha kwanza kwamba marobota 60 ya Boma Rhodes yameingia stoo.