Kwinoa na mimi: tumbo lilijibu mapema, moyo unataka subira

Nilianza kula kwinoa baada ya vipimo vya damu kuonyesha kwamba trigliseridi zangu, yaani aina ya mafuta yaliyo kwenye damu, zimepanda. Daktari hakuniandikia dawa. Alinitaka nipunguze sukari na nafaka zilizokobolewa, na niongeze vyakula vyenye nyuzinyuzi. Tangu hapo kwinoa imechukua nafasi ya wali mweupe katika milo yangu mingi ya mchana, na nimeizoea kiasi cha kutaka wengine waijaribu, ila waijaribu wakijua watarajie nini.

Wengi huihesabu kama nafaka, lakini ni mbegu ya mmea ulio katika ukoo mmoja na mchicha. Asili yake ni milima ya Andes, huko Bolivia na Peru, ambako watu wameilima kwa maelfu ya miaka. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa, na tangu hapo imesambaa kwingi.

Kabla ya mambo ya moyo na utumbo, niseme habari ya kuosha, maana hapo ndipo wengi wanapoichukia bure. Kila punje imefunikwa na saponini, kinga ya mmea dhidi ya ndege na wadudu. Ni chungu, na wengine huwakera tumbo. Mimina kwinoa kwenye chujio lenye matundu madogo, fungulia maji ya bomba, kisha isugue kwa vidole: utaona povu jeupe kama la sabuni. Endelea mpaka maji yatoke safi. Pakiti nyingine zimeandikwa kwamba imeshaoshwa. Mimi huosha hata hiyo. Baada ya hapo kikombe kimoja cha kwinoa kwa viwili vya maji, moto mdogo, dakika 15 hivi, kisha unaiacha imefunikwa dakika 5. Ikiiva, punje huwa angavu na kiini chake cheupe hujitokeza pembeni kikiwa kimejikunja.

Sasa tumbo. Hapa ndipo nilipoona tofauti mapema. Nilikuwa mtu wa kufunga choo, na hali hiyo imenipungukia sana. Sababu yake inaeleweka: kikombe kimoja cha kwinoa iliyopikwa, yaani kama gramu 185, kina takriban gramu 5 za nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, kwa hiyo kikombe hicho ni sehemu ya tano. Sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo haiyeyuki katika maji, ndiyo maana huongeza ujazo wa choo na kukisukuma mbele. Nyingine hufika utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria wanaoishi humo. Bakteria hao hutoa asidi za mafuta fupi, na mojawapo, butirati, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo huo. Kwa hiyo unapokula, unawalisha na wao.

Mwanzoni nilijaa gesi. Kama hujazoea nyuzinyuzi, anza na vijiko vichache, ongeza taratibu, na unywe maji ya kutosha. Nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukufungia choo zaidi. Kwinoa haina gluteni, ile protini ya ngano, jambo kubwa kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni. Yeye asome pakiti kwa makini, kwa sababu kuna viwanda vinavyosaga ngano kwa mashine hizo hizo.

Kuhusu moyo nitasema kwa tahadhari zaidi. Trigliseridi zangu zilishuka katika kipimo kilichofuata, na nilifurahi mno. Lakini nilikuwa pia nimeacha soda na kuanza kutembea jioni, hivyo siwezi kuipa kwinoa sifa zote. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwa watu wenye uzito uliozidi: waliokula gramu 50 za kwinoa kila siku kwa wiki 12 walishuka trigliseridi, ila kolesteroli haikubadilika vya kutosha kujivunia. Kundi lilikuwa dogo. Kwangu hilo linatia moyo, lakini halitoshi mtu kuacha dawa alizoandikiwa.

Ninachokiamini zaidi ni kile kinachoonekana ndani ya chakula chenyewe. Kikombe kile kina kama miligramu 118 za magnesiamu, zaidi ya robo ya mahitaji ya siku, pamoja na potasiamu, na madini yote mawili yanahusika katika kudhibiti shinikizo la damu. Mafuta yake ni machache na mengi si yale yanayoganda. Chumvi karibu haimo kabisa, hivyo chumvi utakayokula ni ile uliyoitia wewe. Ukiipika kwa vidonge vya supu na mafuta mengi, faida ya moyo unaimwaga mwenyewe. Mimi huikolea kwa kitunguu, nyanya, limau na pilipili, kwa sababu peke yake ladha yake imepooza.

Mwenye kisukari aelewe kwamba bado ni chakula cha wanga, karibu gramu 39 kwa kikombe. Hupandisha sukari polepole kuliko wali mweupe, lakini huipandisha, kwa hiyo apime kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kupata mawe ya figo, azungumze kwanza na daktari: kwinoa ina oksaleti, kitu kinachoweza kuchangia mawe hayo, na potasiamu hiyo hiyo inayonisaidia mimi inaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake zimeshindwa kuitoa mwilini.