Giaboksi gani ununulie Land Rover ya zamani ili ipunguze kunywa mafuta

Nianze na orodha yenyewe, maana najua wengine mtasoma hadi hapo tu. Kama una Land Rover Series II, IIA au III ya petroli, ile ya 2,286 cc, na safari zako ni kati ya Nakuru na Ziwa Victoria, pesa zako zifuate mpangilio huu. Kwanza, giaboksi uliyo nayo ifunguliwe na kufanywa upya, pamoja na kabureta na tairi. Pili, ovadraivu ya Fairey iliyotumika, yaani kifaa cha gia ya ziada kinachopunguza mizunguko ya injini kwa mwendo ule ule. Tatu, gia tano, lakini tu ikiwa unabadilisha na injini iwe ya dizeli. Nne, transfa (giaboksi ndogo ya pili inayopeleka nguvu mbele na nyuma) yenye gia ndefu. Mwisho kabisa, difu (gia za katikati ya ekseli) za Range Rover, ambazo fundi atakutajia kwanza kwa sababu ndizo rahisi kupata.

Gari hili lilitengenezewa shamba, na gia zake ni fupi. Gia ya nne haipunguzi wala kuongeza chochote. Transfa inapunguza kwa 1.148 na difu kwa 4.7. Ukizidisha, injini inazunguka karibu mara tano na nusu kila tairi linapozunguka mara moja. Kwa tairi za 7.50-16 ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, injini iko kama mizunguko 2,900 kwa dakika. Kwa zile nyembamba za 6.00-16 inapita 3,200, na hapo kuzungumza na abiria ni kupigiana kelele. Nyingi za petroli hula lita moja kwa kilomita tano na nusu au sita, na ukipita 80 hali huwa mbaya zaidi kwa sababu unasukuma kabati dhidi ya upepo. Upepo huo hakuna giaboksi itakayouondoa.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kwenda sokoni. Tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, kwa kilomita tano na nusu kwa lita. Hizo ni lita 182 hivi. Ukipata nafuu ya sehemu moja ya kumi, utatumia kama 164. Umeokoa lita 18 hivi. Zidisha na bei ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, kisha chukua bei uliyotajiwa ya kifaa uigawe kwa jibu hilo. Utajua ni miezi mingapi kabla pesa zako hazijarudi. Kwa gari linalotoka Njoro kwenda kanisani Jumapili tu, hazitarudi; nunua basi kwa ajili ya masikio yako, na hilo si kosa.

1. Giaboksi yako mwenyewe

Watu hutafuta giaboksi nyingine wakati ile waliyo nayo inahitaji beringi na sili tu. Ipime hivi. Endesha gia ya kwanza, ya pili na ya tatu ukisikiliza, kisha weka ya nne. Kama mlio uko katika tatu za kwanza na unapotea kwenye ya nne, zilizokwisha ni beringi za leyashafti (shafti ya pembeni ndani ya giaboksi), kwa sababu katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja bila kuzunguka kupitia shafti hiyo. Kisha teremka mlima mrefu, kwa mfano kutoka Kericho kuelekea Awasi, na uachie mafuta ghafla. Gia ikichomoka yenyewe, kazi ni kubwa zaidi.

Angalia pia oili. Giaboksi ikipungua huku transfa ikifurika, oili inapita kwenye sili kati ya hizo mbili. Fundi asiyeijua Land Rover ataongeza oili kila mwezi na kukulipisha kila mara.

Ukilazimika kununua nyingine iliyotumika, ya Series III ndiyo bora. Ina sinkro (kinachofanya gia iingie bila kukwaruza) kwa gia zote nne za mbele, wakati ya IIA ina sinkro kwa ya tatu na ya nne peke yake. Lakini ukiitia kwenye IIA, mfumo wa klachi si ule ule, basi nunua na nyumba ya klachi na silinda yake ndogo, usije ukarudi mjini mara tatu kutafuta kipande kimoja. Na epuka giaboksi iliyopakwa rangi ya fedha juu ya silikoni mbichi. Mwenye kitu kizuri hana sababu ya kukipaka poda.

Kabureta ndiyo inayokula watu wengi bila wao kujua. Zenith 36IV iliyokuja na mengi ya magari haya ina ugonjwa wake: uso wa kifuniko hupinda, na kile kiringi cha mpira kilicho ndani kikichoka, petroli huvuja hadi ndani ya injini ikiwa haijapimwa. Plagi zinakuwa nyeusi na gari linanuka petroli likisimama. Uso ukisuguliwa juu ya kioo hadi unyooke, na kiringi kikabadilishwa, unaweza kurudisha mafuta mengi kuliko ovadraivu itakavyokupa. Wengine huondoa Zenith na kufunga Weber 34ICH. Ni sawa, mradi iwe imetiwa jeti (vitundu vya kupima petroli) zinazofaa. Kumbuka Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya bahari, na Timboroa inapita mita 2,700. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa ziwani itamwaga petroli nyingi mno milimani. Kama unaishi Molo au Elburgon, ipimwe huko unakoishi.

Nafasi ya tapeti za valvu iwekwe inchi 0.010. Breki za nyuma zisishike. Kama gari lako ni 88, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli, na lina tairi za 6.00-16, kupanda hadi 7.50-16 kunarefusha gia kwa karibu sehemu moja ya kumi, na hizo ni tairi ambazo ungezinunua siku moja hata hivyo. Tafuta na rimu za 109, ile ndefu, ni pana kidogo.

2. Ovadraivu ya Fairey

Hiki ndicho kifaa ninachokipenda, na sababu yangu ni barabara ya kupanda kutoka Salgaa hadi Mau Summit. Gia ya nne hapo inazimika, ya tatu inalia. Ovadraivu ina uwiano wa 0.782, kwa hiyo ukiwa katika gia ya tatu ya 1.50 na ukaiwasha, unapata kama 1.17, gia ambayo Land Rover haikuwahi kuwa nayo na ambayo mlima huo unaihitaji. Tambarare, katika gia ya nne, 2,900 zile zinashuka hadi kama 2,300. Kwa upande wa mafuta, usitegemee zaidi ya ile sehemu ya kumi, tena kwenye barabara kuu. Ndani ya mji hutapata kitu.

Inafungwa nyuma ya transfa, mahali penye kile kifuniko cha PTO (shafti ya kuendeshea mashine nyingine), na mkono wake mdogo unatokea sakafuni karibu na ile mingine. Chasisi haikatwi, propela hazibadilishwi, spidomita inaendelea kusema kweli. Ukiichoka unaitoa na gari linarudi lilivyokuwa, jambo ambalo atakayelinunua kwako atalifurahia. Lakini kama unatumia PTO ya nyuma kuendesha pampu au mashine ya kukatakata nyasi, achana nayo. Nafasi ni moja.

Nyingi utakazoziona zimetoka kwenye magari ya mashamba ya Kitale au Laikipia. Muuzaji atakuambia, "Mzee, hii ni orijino, haijawahi kufunguliwa." Hilo la kutofunguliwa ndilo la kukutia wasiwasi, kwa sababu ovadraivu hubeba oili kidogo sana, na mwenye gari wa kawaida hakumbuki kuwa ina oili yake peke yake. Ikikauka kwa safari moja ndefu, imekufa. Ondoa boliti ya kumwagia oili, paka tone kwenye kidole, ulipeleke juani. Oili nyeusi inavumilika. Ukiona vumbi linalong'aa, punguza bei kwa gharama ya beringi zote. Ukiona vipande vinavyoweza kushikwa, rudisha boliti na umshukuru muuzaji.

Kisha ingiza vidole uzungushe. Isikwaruze. Sogeza mkono wake mara kadhaa uone kama unashika na kuachia. Na jambo la mwisho linalosahaulika: hakikisha unapewa ile gia na kishikio chake kinachokaa kwenye mainshafti (shafti kuu) ndani ya transfa, pamoja na mkono na vyuma vyake. Bila hivyo umenunua chuma cha kushikilia mlango. Ikishafungwa, tumia klachi kila unapoiwasha au kuizima, na usiitumie kukokota magogo katika gia za chini.

3. Gia tano, pamoja na dizeli

Kununua giaboksi ya gia tano na kuiweka nyuma ya injini ile ile ya petroli ni kutupa pesa. Nguvu ni chache, gia ya tano utaiona ukiteremka tu. Mambo hubadilika ukileta dizeli. Injini kama Isuzu 4JA1 ya 2,499 cc au 4JB1 ya 2,771 cc, au 200Tdi ya Land Rover yenyewe ya 2,495 cc, ndizo zinazoshusha bili ya mafuta kweli, na dizeli haipendi kuzungushwa sana, kwa hiyo gia ndefu inakuwa na kazi.

Ukitaka giaboksi ya gia tano ya LT77 ya Land Rover za miaka ya 1980, au R380 iliyoifuata kuanzia 1994, jua kwamba kwa kawaida huja na transfa ya LT230, inayozungusha magurudumu yote manne wakati wote. Ekseli ya mbele ya Series haikutengenezewa hayo. Viungo vyake ni vya msalaba, na ukikata kona kwenye lami usukani unatetemeka mikononi. Utajikuta unatafuta ekseli nyingine, propela nyingine, na fundi wa kuchomelea. Njia fupi ni kuiacha giaboksi ya zamani, kufunga Isuzu kwa adapta, na kuongeza ovadraivu. Ukichagua 200Tdi badala yake, mguu uwe mwepesi, kwani ina nguvu zaidi ya ile giaboksi iliyotarajiwa kubeba.

Adapta ndiyo roho ya kazi yote. Ikikaa pembeni hata kidogo, klachi na beringi ya mbele ya giaboksi haziishi. Usimwambie fundi akueleze. Mwambie akuonyeshe gari alilofunga mwaka jana, ulipande, ulisikilize. Wako wazuri Nakuru, na Kisumu upande wa Kibuye hutakosa wa kuulizia.

4. Transfa yenye gia ndefu

Kuna gia za transfa zinazorefusha mwendo wa juu na kuacha ule wa chini kama ulivyo. Kama wazo ni zuri. Ila ni za kuagiza ng'ambo, na huwezi kuzizima mlimani kama ovadraivu.

5. Difu za 3.54

Hizi ni za Range Rover ya kwanza na Discovery ya kwanza, na zinaingia kwenye 88 bila kuchomelea chochote ukipata zile za kabla ya 1994 zenye shafti za meno kumi. Injini inashuka kwa robo nzima, kutoka 2,900 hadi kama 2,200. Ndiyo maana zinauzika.

Sasa zipeleke Timboroa. Injini ya farasi 70 hivi, kwa urefu ule, imepoteza karibu robo ya nguvu kwa ajili ya hewa. Gia yako ya tatu sasa imesogea karibu na ya nne ya zamani, ya nne imekuwa ya kuteremkia, na ile ya tatu uliyoitegemea mlimani haipo tena. Uko kati ya ya pili inayolia na ya tatu inayochoka, na huna ovadraivu ya kuzima. Unakanyaga mafuta hadi chini njia nzima, na akiba uliyoitafuta inatoka kupitia eksosi. Hata gia za chini kabisa, za matope ya Mau Narok, zimerefuka. Spidomita nayo itasoma 60 ukiwa 80, na askari wa kamera hatakuelewa.

Ni lazima ubadilishe mbele na nyuma, la sivyo usiguse foo-wili tena. Wenye 109 yenye ekseli ya nyuma ya Salisbury msijisumbue, haiingii. Nafasi moja ninayoziona zikifaa ni 88 nyepesi isiyobeba mzigo, inayoishi bonde la Kano na barabara za Bondo na Busia, na isiyopanda Nandi hata siku moja.

Chochote utakachochagua, chukua risiti, na kwa injini risiti iwe na namba ya injini hiyo. Mabadiliko ya injini yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, ili logibuku na kilicho ndani ya boneti visomeke sawa, na kampuni ya bima iarifiwe wiki hiyo hiyo. Kwa ovadraivu, omba sharti la kurudisha ndani ya wiki mbili, na katika wiki hizo lipakie gari mzigo uende nalo Mau Summit na kurudi, ukikagua oili ya ovadraivu ukifika na ukirudi.