Stoo ya muvi na picha za familia: ununue kifaa gani ukiwa Moshi

Kila Desemba, watu wakishapanda kutoka Dar na nyumba imejaa, naulizwa swali lile lile: "Kaka, hizi video za kipaimara na sendofu tutaziweka wapi, kila mtu azione kwenye simu yake bila kupokezana flashi?" Jibu ni kifaa kimoja kinachokaa pembeni ya ruta na diski yenye nafasi kubwa, kinawaka usiku na mchana, na simu, TV na kompyuta zote za nyumba zinakifikia kwa Wi-Fi. Hakili bando. Faili linatoka kwenye diski, linapita kwenye ruta, linaingia kwenye simu. Intaneti haihusiki kabisa, hata bando likiisha video inaendelea kucheza.

Nimewatengenezea ndugu na majirani vifaa vitano vya aina hii, vitatu Moshi na viwili Arusha, na kilichonifundisha zaidi ni umeme. Mtu anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki anaanza kwa kuuliza prosesa. Hapa kwetu anza kwa kuuliza hivi: umeme ukikatika saa mbili usiku diski ikiwa katikati ya kuandika, itakuwaje? Ndiyo maana mpangilio wangu uko hivi.

Namba moja: kompyuta mpakato iliyotumika, yenye betri nzima

Watu wengi wanashangaa, wanadhani mpakato ni wa kuandikia barua tu. Lakini mpakato una kitu ambacho vingine vyote hapa vinakikosa: akiba yake ya umeme imo ndani. Umeme ukikatika, wenyewe hauna habari. Diski ndogo ya nje, ya inchi 2.5, inayokula umeme wa USB, nayo inaendelea kuzunguka kwa betri hiyo hiyo. Angalia hapo: diski kubwa ya inchi 3.5 ina adapta yake ya ukutani, kwa hiyo itazimika hata kama mpakato unawaka. Kwa kazi hii nunua ile ndogo.

Ninaoupenda ni ThinkPad T450. Una mlango wa waya wa mtandao wa gigabiti, USB 3.0, na betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma ya kuchomoa. Wa mwisho niliununua karibu na Double Road kwa shilingi 380,000, na nusu saa niliyokaa pale kaunta ndiyo iliyoamua. Muuzaji aliniambia, "Mangi, hiyo betri ni nzima kabisa, chukua." Nikamwomba auwashe, kisha nikachomoa chaja mbele yake. Nikafungua dirisha la amri la Windows, nikaandika powercfg /batteryreport, ikatoka ripoti yenye mistari miwili ya kusoma: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ya nyuma ilianza na mWh 23,000 na kidogo, sasa ilibaki 17,000. Nikakubali. Wa kwanza alionitolea ulikuwa na betri iliyobaki 6,000, ingawa kwa nje ndio uliong'aa zaidi. Muuzaji mwema hakatai jaribio hili. Akikataa, shukuru, toka, nenda duka la pili.

Ukifika nyumbani, usiache betri ikae imejaa asilimia 100 mwaka mzima, maana hapo ndipo betri huvimba. ThinkPad inakuruhusu kuweka kikomo. Kwenye Linux (mfumo endeshi wa bure ninaouweka badala ya Windows), programu ya TLP inaiambia iache kuchaji ikifika asilimia 80. Ukiona padi ya kipanya imeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, zima siku hiyo hiyo, toa betri, usisubiri. Na kumbuka kurekebisha mipangilio ili mpakato usilale ukifunga kifuniko.

Namba mbili: kompyuta ndogo ya ofisini

Hizi ni zile boksi ndogo zenye ukubwa wa kitabu kinene, kama HP EliteDesk 800 G3 Mini au Dell OptiPlex 3050 Micro, zilizotolewa maofisini. Kama TV ya nyumbani ni ya zamani na haisomi video za H.265 (muundo mpya zaidi wa kubana video), chagua hii badala ya mpakato. Seva, yaani hiki kifaa chako, italazimika kuibadilisha video papo hapo iwe muundo ambao TV inauelewa, na hiyo ni kazi nzito. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha saba zina sehemu maalumu ya kusoma H.265, hata ile ya biti 10, bila kuchosha mashine. T450 ni ya kizazi cha tano, hapo itahema.

Udhaifu wake ni kwamba haina betri, hivyo lazima uongeze UPS (boksi la betri ya akiba), na gharama inapanda. Ndani kuna nafasi ya diski moja ya inchi 2.5 na ya SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya M.2, ambayo ni nzuri kwa mfumo endeshi.

Usichanganye hizi na ile kompyuta kubwa ya kusimama ambayo shemeji anataka kukupa bure. Piga hesabu ya LUKU kwanza. Mpakato na diski yake vinakula kama wati 10, sawa na uniti 7.2 kwa mwezi. Kwa uniti moja ya shilingi 356 hivi, kodi zikiwemo, hiyo ni kama shilingi 2,560. Kompyuta kubwa ya wati 50 inakula uniti 36, karibu shilingi 12,800 kila mwezi. Na kama uko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile isiyovuka uniti 75 kwa mwezi, uniti 36 za nyongeza zinaweza kukutoa huko, ukaanza kulipia bei kubwa umeme wote wa nyumba. Zawadi ya shemeji inageuka deni.

Namba tatu: Raspberry Pi

Hii ni kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo. Naipenda sana, na kwa kujifunza hakuna kama hiyo. Pi 4 na Pi 5 zina gigabiti na USB 3.0, na umeme wanaokula ni kidogo mno. Lakini ukishalipia bodi, boksi, adapta, kadi ya SD na usafiri mpaka Moshi, umekaribia bei ya mpakato na bado huna betri. Kadi ya SD ndiyo ya kwanza kufa kwa kukatika kwa umeme. Pia milango yote ya USB ya Pi 4 kwa pamoja inatoa ampea 1.2 tu. Pi 5 inatoa 1.6, ila kwa adapta yake ya wati 27, na ukitumia dhaifu inashuka hadi 0.6, diski inaanza kulia tik-tik na kujizima. Pi 5 haina kabisa kifaa cha kubana video, kwa hiyo usiitegemee kubadilisha muundo. Pi 3 usiinunue kwa kazi hii, USB yake ni ya zamani.

Namba nne ni kuchomeka diski kwenye ruta yenye mlango wa USB. Kwa chumba kimoja cha kupanga na muvi chache inatosha, ila ni ya taratibu na programu zake ni chache. Ya mwisho ni boksi za dukani zilizotengenezwa kwa kazi hii hii, kama Synology au QNAP. Ni nzuri, zimetulia, mtu yeyote anaweza kuziendesha. Shida ni kwamba unanunua boksi tupu, diski unanunua pembeni, na UPS bado inakusubiri. Mwenye hela na asiye na muda, achukue.

Diski yenyewe

Hapa ndipo watu wanapolizwa. Flashi au "SSD" ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni feki: ndani kuna GB chache, ikijaa inaandika juu ya mafaili ya zamani huku ikionyesha kila kitu kiko sawa. Ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, ijaze yote kabla hujaiamini na picha moja ya mtoto. Kwa diski iliyotumika, fungua programu ya CrystalDiskInfo usome mistari mitatu: saa ilizowaka, sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu (05), na sekta zinazosubiri (C5). Hizo mbili za mwisho zikiwa zaidi ya sifuri, irudishe. Saa 30,000 maana yake imewaka zaidi ya miaka mitatu mfululizo.

Iumbize (format) kwa mfumo wa mafaili wa ext4, sio exFAT. Ext4 inaandika kumbukumbu ya mabadiliko ya orodha ya mafaili kabla ya kuyafanya, kwa hiyo umeme ukikatika inajua pa kuanzia. ExFAT haina hiyo.

Programu zote ni za bure. Mimi naweka Debian, aina mojawapo ya Linux, juu yake OpenMediaVault ya kusimamia diski, kisha Jellyfin ya kuonyesha muvi na picha kwenye TV na simu. Mafaili ya mwanzo usiyapitishe kwenye mtandao. Ruta nyingi za nyumbani zina milango ya megabiti 100, sawa na MB 11 kwa sekunde, hivyo GB 500 zinachukua zaidi ya saa 12. Chomeka diski ya zamani moja kwa moja kwenye USB ya mpakato, nakili, umalize jioni ile ile. Kwa kutazama, megabiti 100 zinatosha TV kadhaa kwa wakati mmoja. Ruta nayo iwekee kile kiboksi kidogo cha betri cha volti 12, watoto wamalizie muvi gizani.

Jambo ambalo sitalibana kwenye bajeti ni diski ya pili. Diski mbili ndani ya nyumba moja zinaibwa pamoja na zinaungua pamoja. Ya kwetu ya pili inakaa Njiro, kwa dada, kilomita kama 80 kutoka hapa. Kila Pasaka anashuka nayo kwenye mkoba, tunanakili video mpya usiku, na Jumatatu anarudi nayo Arusha.