Hard Groove ya The RH Factor: sikiliza tarumbeta linavyochelewa

Karibuni tena wadau. Ngoja niisogeze kwenye kamera, taa inaakisi kidogo… haya, hapo. Albamu ya Hard Groove, bendi ya The RH Factor, mwaka 2003, kampuni ya Verve. RH ni Roy Hargrove, mpuliza tarumbeta wa jazz kutoka Texas. Kwenye simu nimeisikiliza mpaka najua anapovuta pumzi, lakini kuishika mkononi ni leo, na nina furaha kweli kweli.

Maisha ya Hargrove sirudii, wengi mnayajua. Wynton Marsalis, mpuliza tarumbeta mwenzake mwenye jina kubwa, alimsikia akiwa bado sekondari kule Dallas, mengine yakafuata. Orodha ya nyimbo iko nyuma ya jalada, ziko 14, mtasoma wenyewe. Mimi leo kilichonikalisha hapa ni kitu kimoja tu: kuchelewa.

Nawaonyesha. Wimbo wenyewe siwezi kuuweka, mnakumbuka video ya mwezi uliopita ilivyozimwa sauti nusu nzima kwa ajili ya hakimiliki, na mpaka leo sijajibiwa. Iliniuma, kazi ya siku tatu ile. Kwa hiyo tutumie meza. Sikilizeni: moja, mbili, tatu, nne. Kila kidole kimetua mahali pake. Sasa wewe endelea kuhesabu kichwani, usiache, halafu mimi napiga tena. Moja… mbili… tatu… nne. Umesikia? Kidole kimefika nyuma ya hesabu yako, kwa kiasi cha kope kupepesa. Mwendo haujapungua. Ukihesabu mpaka mia tutafika pamoja, ila mimi kila mara nafika nikiwa nimejiegemeza.

Sasa nenda wimbo wa tatu, I'll Stay. Ni wa bendi ya funk ya Funkadelic, wa mwaka 1974, hapa anauimba D'Angelo, mwimbaji wa soul. Yeye anachelewa, mpiga ngoma anachelewa, besi inachelewa, na kila mmoja ana kiasi chake. Tarumbeta likija, halipandi juu kusema jamani nimefika. Linaingia chini ya sauti ya mwimbaji, linanong'ona pale anapoacha nafasi, kama waitikiaji wa kwaya wanaomjua mwimbaji wao tangu utoto. Rudieni sehemu hiyo mara tatu. Mara ya kwanza fuata sauti. Mara ya pili fuata besi peke yake. Mara ya tatu acha yote, subiri tarumbeta tu, uone linakaa kimya kwa muda gani. Mtu mwenye mapafu yale na vidole vile, jina lake liko kwenye jalada, halafu anakaa kimya! Mimi hilo linanigusa kila nikisikiliza.

Na kuna sababu wanaelewana hivi. Hargrove alishapuliza kwenye albamu ya Voodoo ya D'Angelo, kwenye Like Water for Chocolate ya rapa Common na kwenye Mama's Gun ya mwimbaji Erykah Badu, zote za mwaka 2000. Alipoamua kurekodi ya kwake akarudi Electric Lady, ile studio ya Jimi Hendrix New York ambako Voodoo ilirekodiwa, akawaita watu wale wale. Badu mwenyewe alisoma shule moja na yeye Dallas.

Kuna mdau ataniuliza, na Doo-Bop je, ile albamu ya mpuliza tarumbeta Miles Davis iliyochanganya jazz na hip-hop? Swali zuri. Ilitoka mwaka 1992, Miles ameshafariki, na ilibidi Easy Mo Bee, prodyuza wake wa hip-hop, amalizie baadhi ya nyimbo kwa tarumbeta lililokuwa limerekodiwa zamani. Naiheshimu. Lakini ukisikiliza, mdundo uko chumba kimoja na tarumbeta liko kingine. Hapa wote wako chumba kimoja, wanatazamana. Black Radio ya Robert Glasper ya mwaka 2012 iko karibu zaidi, ila ile ni ya mpiga kinanda, tutaigusa siku yake.

Kinachoniudhi? Urefu. Ni zaidi ya saa moja, na katikati nahisi mhariri alihitajika. Common Free Style kwangu ni mazoezi yaliyoachwa yakarekodiwa… ingawa jana usiku nimeusikiliza tena nikajikuta nauanza upya, kwa sababu ya bendi iliyoko nyuma ya Common. Basi, niseme si wa kuruka. Poetry ndio hip-hop iliyokaa sawasawa: rapa Q-Tip anasema maneno, Meshell Ndegeocello yuko kwenye besi, Badu anaimba. Wimbo mmoja, na unatoka mlango tofauti na ulioingilia.

Bei sasa. Hii CD ni ya mkono wa pili, nimetoa shilingi 15,000. Santuri ni ghali, na ukiongeza usafiri na ushuru unaweza kukata tamaa; kama huna mashine ya kuichezea usijitese. Lakini tafadhali usiisikilizie kwenye spika ya simu. Besi yote inapotea, na besi ikipotea huwezi kujua nani amechelewa nyuma ya nani. Hata earphone za bei ndogo zinatosha.

Habari za chaneli kidogo: kuanzia wiki ijayo video zitakuwa Jumapili jioni, siyo Ijumaa, na wale mlioomba muziki wa dansi, ninaandaa kipindi cha wapulizaji wa Mlimani Park, wana Sikinde. Wale pia walijua kumjibu mwimbaji, na nataka tuwasikilize kwa sikio hili hili la leo.

Hargrove alifariki Novemba 2018, New York, akiwa na miaka 49. Nimeweka I'll Stay kwenye orodha ya chaneli, uko wa kwanza. Ukishausikiliza mara zile tatu, niandikie ni dakika ya ngapi ulipolisikia tarumbeta, nataka nilinganishe na yangu.